Kisha diploma: namna gani kijana anaweza kuingia katika kazi ya mawasiliano

Siku ya kutetea kazi ya mwisho wa masomo, jamaa inakuja na maua, picha zinapigwa, watu wanakula pamoja. Kisha miezi tatu, toga imekwisha kurudishwa, diploma iko ndani ya farde juu ya kabati, na kunabakia swali moja tu: kazi iko wapi?

Kwa vijana waliosoma mawasiliano katika Goma, Bukavu, Bunia, Beni ao Butembo, swali hilo lina uchungu wake. Matangazo ya kazi yanatafuta « chargé de communication » mwenye miaka miwili ao mitatu ya uzoefu. Sasa uzoefu huo mutu ataupata wapi, kama kila mulango unaomba afike nao tayari? Makala hii inaeleza kazi yenyewe ni nini, kwa nini iko na uzito katika majimbo ya mashariki, na njia gani kijana anaweza kupitia.

Kazi hii ni nini?

Watu wengi wanachanganya mambo matatu: uandishi wa habari, matangazo ya biashara, na mawasiliano ya shirika, ile wengine wanaita uhusiano na umma. Mwandishi wa habari anatumikia musikilizaji: anauliza, anahakikisha, anatangaza hata kile wakubwa hawapendi. Mutu wa matangazo ya biashara anataka sabuni iuzwe. Mutu wa mawasiliano yeye anasimama kati ya shirika na raia. Anaeleza shirika linafanya nini, na tena anapeleka ndani ya biro kile raia wanasema inje. Sehemu hii ya pili njo wengi wanaisahau.

Kila siku anaandika komunike, anaita waandishi, anasoma ile magazeti na redio zimesema juu ya shirika lake, anapiga picha, anatunza ukurasa wa Facebook na makundi ya WhatsApp, anatayarisha maneno ya mukubwa wake mbele ya mikutano, na anajibu uvumi. Siku ya tatizo, simu yake njo inalia mbele ya zingine zote.

Historia yenye kugusa Kongo

Kazi hii ilizaliwa karibu na mwanzo wa karne ya 20. Mu 1906, Mumarekani Ivy Lee, aliyekuwa anafanyia kazi kampuni ya reli, alitoa kwa magazeti habari ya ajali ya treni katika Atlantic City pahali pa kuificha. Wengi wanahesabu hiyo kuwa moja ya komunike za kwanza za namna tunayoijua leo. Somo lake ni jepesi: kama shirika halisemi ukweli lenyewe, wengine watausema pahali pake.

Lakini miaka ile ile, Wakongo walikuwa wanaonja upande mwengine wa kazi hii. Mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji aliunda kwa siri biro ya kushugulikia magazeti, ili ipambane na habari za mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa juu ya mpira. Kulikuwa waandishi waliolipwa ili waandike vizuri juu ya utawala wake. Katika Marekani alitumia avoka mumoja, Henry Kowalsky, ili awashawishi wakubwa wa kule. Walipoachana, barua zao zikaangukia mikononi mwa gazeti la New York, na mwezi wa 12 mwaka 1906 siri yote ikatoka inje. Upande mwengine kulikuwa E. D. Morel, aliyeanzisha pamoja na wenzake chama cha kutetea Wakongo mu 1904, na picha za mumisionere Alice Seeley Harris. Picha zile zilikuwa na nguvu kuliko pesa ya mfalme, juu zilionyesha jambo la kweli.

Mukongo anayeingia katika kazi hii leo anaingia basi katika kazi yenye inaweza kuficha damu, na yenye inaweza kuifichua.

Neno mbaya linaua

Katika mashariki, mawasiliano haiko kazi ya mapambo. Mufano wa kwanza ni Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, na kumalizika mwezi wa 6, 2020, kisha kuua watu zaidi ya 2.200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Uchunguzi uliofanyika Beni na Butembo mwezi wa 9, 2018, ulionyesha kama karibu mutu mumoja juu ya wane hakuamini kama ugonjwa ule uko kweli. Halafu, mwisho wa mwezi wa 12, uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa moja ya sababu. Watu wengi wakaona kama ni siasa. Kisha pale, hata ujumbe mzuri wa kunawa mikono ulikuwa unasikilizwa na masikio ya mashaka. Vituo vya matunzo vilishambuliwa, na mwezi wa 11, 2019, katika Lwemba, Ituri, mwandishi wa redio ya jamii aliyekuwa anatangaza juu ya Ebola aliuawa.

Kazi ilianza kwenda vizuri zaidi fasi ile ujumbe ulipita kwa watu wa kartie wenyewe: wachungaji, wamama wa soko, watu waliopona. Somo ni hili: mutu haamini maneno kwanza, anaamini kwanza mwenye kuyasema.

Mufano wa pili ni Nyiragongo. Magaribi ya tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, volkano ilipasuka, na watu wengi wa Goma walikimbia juu waliona mbingu imekuwa nyekundu, bila kungoja tangazo lolote. Siku tano kisha pale, tarehe 27, serikali ya jimbo iliamuru watu waondoke katika kartie 10 juu ya 18 za muji. Watu mamia ya maelfu walishika njia ya Sake, ya Rwanda na ya ziwa. Katika saa kama zile, tangazo linapashwa kusema mambo matatu: nani anaondoka, anapitia wapi, na saa ngapi. Likikosa moja tu, uvumi unajaza nafasi yake.

Nani anatoa kazi?

Kwa miaka mingi, kijana wa mashariki aliangalia upande mumoja: ONG za kimataifa na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Mulango ule umekuwa mwembamba. Marekani, iliyokuwa mufadhili mukubwa kuliko wote wa misaada katika Kongo, ilisimamisha pesa nyingi mwanzo wa 2025, na mwezi wa 7 mwaka ule shirika lake la USAID likafungwa. Vita navyo vimefunga biro na kusukuma watu. Wenye uzoefu wa miaka kumi sasa wanagombea kazi moja na wenye diploma ya jana.

Njo maana inafaa kupanua macho. Hospitali, dayosezi na makanisa, vyuo vikuu, kampuni za simu, hoteli, mashamba ya wanyama, vyama vya wakulima wa kahawa na kakao: wote wako na kitu cha kueleza, na wengi hawana mutu wa kukieleza. Mushahara hapo ni mudogo mwanzoni, lakini ile « miaka miwili ya uzoefu » inaweza kuanzia hapo.

Hatua za kwanza

Hatua ya kwanza iko karibu: redio ya jamii. Pale kijana anajifunza kuandika kwa kufupisha, kusema ili bibi wa kijijini aelewe, kukata sauti katika kompyuta, na kuheshimu saa. Anajua tena namna mwandishi anawaza, na huyo njo atakayekuwa anamwandikia komunike kesho.

Hatua ya pili ni kutengeneza farde ya kazi zake. Mwajiri hasomi diploma tu, anauliza: « Umekwisha kufanya nini? » Kijana anaweza kujibu bila kungoja mutu amwajiri. Parokia yake inafanya sherehe: aandike komunike. Wamama wa kartie wana kikundi cha akiba: apige picha tano nzuri na kuandika hadithi yao, kama wamekubali. Maji yamekosekana: atengeneze tangazo la sauti la sekunde 45. Kazi kumi za namna hii, zikipangwa vizuri, zinasema zaidi kuliko barua ya kuomba kazi yenye kurasa mbili.

Hatua ya tatu ni lugha. Kifaransa bila makosa kinaombwa karibu kila fasi. Kiswahili kizuri ni mali ambayo vijana wengi wanaidharau, na hata hivi ujumbe wa kweli unapita katika Kiswahili, na katika Kinande, Mashi, Kihunde, Kilega ao Kihema. Kiingereza kinafungua milango ya wafadhili.

Hatua ya ine ni kutafuta kwa utaratibu. Kujiandikisha kwa ONEM, biro ya taifa ya kazi, kufuata matangazo ya mediacongo.net na ReliefWeb, na kuangalia nafasi za kujitolea za Umoja wa Mataifa, ambazo vijana wanaweza kuomba kuanzia miaka 18. Kwa staji, inafaa kuomba karatasi yenye kusema kazi gani itafanyika na kwa muda gani. Staji ya mwaka muzima ya kuleta chai na kutoa fotokopi haifundishi mutu.

Komunike inayosomwa

Katika majaribio ya kuingia kazini, mara nyingi wanaomba kuandika komunike. Wengi wanaanguka hapo juu wanaanza hivi: « Katika lengo la kuimarisha huduma kwa raia, na kwa kufuata mupango wa maendeleo, uongozi una furaha ya kutangaza… » Musomaji amekwisha kwenda. Yenye kufaa inaanza na jambo: « Kuanzia siku ya kwanza asubui, maji hayatatoka katika kartie tatu kwa siku mbili, juu ya kutengeneza bomba. Watu wachote siku ya mungu. »

Nani, nini, wapi, lini, kwa nini: majibu hayo yote yakae katika mistari ya kwanza. Kisha yanafuata maneno ya mukubwa mumoja, yenye kusema kitu, haiko yenye kusifu. Mwisho, jina na nambari ya simu ya mutu wa kuuliza, na simu hiyo ikae wazi. Ukurasa mumoja unatosha.

Mitego

Mutego wa kwanza ni kuuza kazi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na ONG za kweli hayaombi hata franga moja ili mutu aajiriwe. Anayeomba dola za « kupitisha dosie », ao anayeomba mwili wa binti, haiko mwajiri, ni mwizi. Kisha kuajiriwa, mukataba uandikwe: sheria ya kazi ya Kongo inasema kama muda wa kujaribiwa haupite miezi sita.

Wa pili ni « kupaje », ile pesa inatiwa katika bahasha ya mwandishi kisha mukutano. Mutu wa mawasiliano njo mara nyingi anayebeba bahasha zile. Kulipa usafiri uliotangazwa wazi kwa wote ni jambo moja, kununua habari ni lingine. Mwandishi aliyenunuliwa leo, kesho atanunuliwa na mwenye pesa zaidi. Vilevile, kusoma habari redioni asubui na kutetea shirika mangaribi kunaharibu kazi zote mbili. Inafaa mutu achague.

Wa tatu ni picha. Mama mumoja katika kambi anaweza kuuliza: « Mwanangu, hii picha unaipeleka wapi? » Jibu linapashwa kuwa la kweli: « Mama, itaonekana mu intaneti, kwa wale wanatoa pesa ya dawa, na kila mutu anaweza kuiona. Kama hautaki haina neno, dawa utazipata sawa wengine. » Mwanamuke aliyebakwa, mutoto aliyetoka katika kundi la silaha, mutu aliyekimbia kijiji chake: sura, jina na fasi anapokaa havionyeshwe, hata kama mufadhili anataka picha yenye kugusa moyo.

Wa ine ni kusambaza uvumi. Sheria ya mambo ya kidijitali ya mwezi wa 3, 2023, inaweka kifungo hadi miezi sita kwa anayeanzisha ao kurudilia habari ya uongo juu ya mutu katika mitandao. Mbele ya kubonyeza, inafaa kupiga simu mbili.

Siku mukubwa anaomba uongo

Siku moja itafika. Kuna mwaliko wa waandishi, kuna jambo limeharibika, na mukubwa anasema: « Andika kama yote iko sawa. » Kijana yuko na nyumba ya kulipia na wadogo wa kusomesha. Hapo diploma haisaidii sana. Kinachosaidia ni kumwambia kwa heshima, mbele ya kumwandikia, kama uongo utajulikana, na siku ile hakuna atakayesadiki hata ukweli wa shirika. Anaweza kupendekeza mistari mitatu: jambo gani limetokea, nini imekwisha kujulikana, nini inafanyika sasa. Wakubwa wengi wanakubali, juu mistari hiyo inawaokoa wao wenyewe. Yule anayekataa kila mara, afazali kijana ajue mapema, na aanze kutafuta fasi ingine angali na jina safi. Katika Butembo sawa katika Bukavu watu wanajuana, na jina njo kitu kile mutu anahama nacho toka kazi moja kwenda ingine.