Kijana wa Mazingara amuulize nani?

Msichana akija kwangu na jambo la aibu, mara nyingi huanza kwa kunidanganya. "Shikamoo daktari. Sikuja kwa ajili yangu, nimetumwa na rafiki yangu." Huwa namwacha anieleze habari za huyo rafiki. Baada ya dakika kumi hivi, rafiki anakuwa ameshatoka chumbani, tumebaki sisi wawili.

Mazingara, wilayani Handeni, kama ilivyo vijiji vingi vya Tanga, maswali haya zamani yalikuwa na wenyewe. Binti akivunja ungo aliwekwa ndani, akakabidhiwa kwa somo. Mvulana alipelekwa jandoni. Bibi na shangazi walisema waziwazi mambo ambayo mama mzazi aliona haya kuyagusa. Sisemi mafunzo yale yote yalikuwa mema, maana mengi yalimfundisha binti kumridhisha mume kuliko kuujua mwili wake. Ila alikuwapo mtu wa kuulizwa. Siku hizi ngoma inachezwa, pilau linaliwa, na shangazi mwenyewe anaishi Dar es Salaam.

Basi kijana anauliza rafiki, anauliza simu, kisha anaishia duka la dawa. Sina ugomvi na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu. Wako karibu, wanafungua hadi usiku, na hawamfokei mtu. Lakini mvulana anayetokwa na usaha akiomba "dawa ya U.T.I." na kupewa vidonge vya shilingi alizonazo, kisonono hakiponi. Vijidudu vyake vimezoea dawa nyingi za vidonge, na sasa tiba tunayoitegemea zaidi ni sindano. Mpenzi wake naye lazima atibiwe. Wasichana wengi hawaoni dalili yoyote. Ugonjwa unapanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi, na miaka kadhaa baadaye ninaonana naye akiwa na mumewe, wanatafuta mtoto.

Na vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo vijana wanaviita P2? Vinamezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Havitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala havizuii Ukimwi. Aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu na mtu asiyejua hali yake, awahi kituo cha afya ndani ya saa hizohizo 72 apimwe na, ikibidi, aanzishiwe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, atakazozimeza siku 28.

Kwa nini basi haendi zahanati? Kwa sababu benchi ni moja, na aliyekaa pembeni yake ni mama yake mdogo. Na kwa sababu ya swali hili: "Na wewe mdogo hivi unataka uzazi wa mpango wa nini?" Nimelisikia kwa masikio yangu, likisemwa kwa sauti ya kufika nje, katika kituo nisichokitaja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshapata mimba. Sidhani kama kuna aliyeiepuka kwa kufokewa.

Wazazi wajue pia kwamba tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa yao. Asiyeweza kusema ana kwa ana apige 199, simu ya Wizara ya Afya, au 116, simu ya msaada kwa mtoto. Zote ni bure.

Wauguzi wenzangu, hatuhitaji jengo jipya. Saa moja ya jioni, foleni ikishaisha, inatosha. Yule binti nilimwambia, "Mwambie rafiki yako aje Alhamisi saa kumi, mwanangu, hakutakuwa na watu."

Alhamisi alikuja, na safari hii alikuwa na rafiki kweli.