Hesabu za pande mbili za dunia zenye hali ya hewa sawa

WAKATI wowote ule, usiku au mchana, zipo nukta mbili katika uso wa dunia, moja ikiwa upande wa pili kabisa wa nyingine, zenye joto na mgandamizo wa hewa vinavyolingana barabara.

Hiyo si kauli ya watabiri wa hali ya hewa. Ilithibitishwa na mwanahisabati wa Poland, Karol Borsuk, mwaka 1933, kutokana na swali la mwenzake Stanisław Ulam. Sharti ni moja tu: joto na mgandamizo visibadilike kwa kuruka ghafla.

Wanahisabati hulitazama jambo hilo kama kitendo cha kundi. Kundi lenyewe ni dogo mno, lina amri mbili: 'tulia' na 'hamia upande wa pili'. Amri ya pili haiachi nukta yoyote mahali pake. Kila jozi ikihesabiwa kuwa nukta moja, hupatikana umbo jipya ambalo juu ya kila nukta yake huning'inia nukta mbili za dunia. Mpango huo ndio fungu la nyuzi.

Tuseme hakuna jozi yenye hali sawa. Basi tofauti za joto na mgandamizo kati ya kila nukta na pacha wake zingechora mshale, na mshale wa pacha ungeelekea kinyume. Anayeizunguka Ikweta yote angeuona mshale ukijizungusha mara ambazo idadi yake ni namba witiri, kwa kuwa nusu ya safari huugeuza. Lakini Ikweta yaweza kusogezwa polepole hadi iwe nukta moja kwenye Ncha ya Kaskazini, ambako mizunguko ni sifuri. Sifuri si witiri, na dhana inaanguka.

Mwaka 1956 John Milnor wa Marekani alionyesha namna ya kujenga, kwa kila kundi, nafasi ya kuainishia, ambayo mafungu yote ya kawaida ya kundi hilo hunakiliwa kutoka kwayo.

Ugumu huja pale baadhi ya nukta zinapotulia. Tufe likizungushwa nusu duara kwenye mhimili wake, ncha mbili hazisogei, na fungu huvunjika hapo. Armand Borel, mzaliwa wa Uswisi, alitoa dawa katika semina yake ya Princeton iliyochapishwa mwaka 1960: tufe lizidishwe kwanza kwa nafasi isiyo na tundu lolote, ambamo kundi halituliziwi na nukta hata moja, kisha ndipo jozi ziunganishwe. Linalobaki ni fungu juu ya nafasi ya kuainishia, na kila uzi wake ni tufe lilelile.

Nukta iliyotulia huwezesha kuchagua nukta moja katika kila uzi bila mkatiko. Katika kitendo cha Borsuk, chaguo hilo halipo kabisa.