Kuunda MiG-21 ya plastiki: kabla hujabandika bendera, soma hapa



Vijana kadhaa wameniuliza hivi vindege vya plastiki vinaundwaje. Leo nachukua MiG-21, na sio kwa bahati mbaya. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, ndege za MiG zilipita juu ya mkoa huu zikidondosha mabomu. Ukiwa na mzee yeyote wa huku aliyekuwa na akili timamu mwaka ule, ataje tu neno "MiG" uone sura yake inavyobadilika.

1. BOKSI
Zinauzwa kwa vipande ndani ya boksi, unaagiza mtandaoni. Kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Czech inatengeneza MiG-21 kwa skeli za 1/72 na 1/48. Maana ya 1/72 ni kwamba ndege halisi imepunguzwa mara 72. Mabawa ya MiG-21 yenyewe, ncha hadi ncha, ni mita 7.15. Kwa hiyo ya 1/72 inakuwa kama sentimita 10, na ya 1/48 sentimita 15. Angalia pia herufi: aina iliyohusika na vita yetu ni MF. Kuna za F-13, bis na nyingine, ukinunua tu picha ya boksi imekula kwako.

2. KUUNGA
Usivunje vipande kwa mkono. Kata kwa nailkata, halafu sugua kwa msasa laini. Anza na chumba cha rubani, maana ukishafunga mwili huingii tena. Kwenye MiG ndani mle pana rangi ya samawati inayoelekea kijani, sio nyeusi.

Gundi ni ile maalum ya plastiki. Yenyewe haigandishi juu juu, inayeyusha kidogo pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Tone moja linatosha, ukizidisha itakula umbo. Na kabla ya kufunga mwili, jaribu kama ndege itasimama kwa magurudumu matatu. Ikikalia mkia, weka kipande cha chuma kizito puani, ukibane vizuri.

3. VIKOROKORO
Hapa ndipo ndege inapopata uhai, na hela haihitajiki sana. Mikanda ya kiti cha rubani: kata vijikanda vya ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya paketi ya sigara. Mipira ya breki kwenye miguu: chomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme uliokufa. Ule mrija mrefu wa puani unaopima kasi, wa plastiki huvunjika haraka, weka sindano ya kushonea.

Rangi ipake nyembamba, mara mbili au tatu. Ikikauka, changanya rangi nyeusi nyepesi sana, ipitishe kwenye mistari ya mabati, futa ya juu. Mistari inabaki na kiza kidogo kama ndege iliyofanya kazi kweli.

4. ALAMA
Sasa tulieni hapa. Stika za kwenye boksi nyingi ni za Urusi, India, Poland na kadhalika. Ukitaka ya vita ya Kagera itabidi uchore mwenyewe. Swali ni moja: unaweka bendera ya nani?

Maana pande zote mbili zilikuwa na MiG-21. Na sio hiyo tu. Uganda walikuwa na MiG-17 za Kirusi, sisi tulikuwa na zilizonakiliwa China. Ukiwa chini, ndege inapita kwa sekunde chache, utajuaje hii ya kwetu au ya Amin? Hata wenye silaha hawakujua. Mwaka huo huo wa 1978, wanajeshi wetu walitungua kwa makosa ndege tatu za kivita za Tanzania kule Musoma. Umbo lilikuwa halitoshi kumtambua adui.

Ndio maana nasema alama sio urembo. Rangi mbili tatu mkiani ndizo zilizotenganisha ndugu na adui. Kwa hiyo usibandike namba kwa kubuni. Tafuta picha ya ndege hiyo hiyo, ya mwaka huo huo. Usipopata, acha mkia mtupu. Mkia mtupu ni ukweli, namba ya kubuni ni uongo ambao wadogo zako watakuja kuamini.

Na waulizeni wazee, kwa adabu. Usimuulize namba ya ndege, hakuiona, alikuwa amelala chini ya migomba. Muulize ilitokea upande gani, ilishuka kiasi gani, mlio ulikuja kabla au baada, watu walikimbilia wapi. Akinyamaza, mwache, wengine waliondokewa na watu. Andika, weka tarehe. Ndege za Amin zilijaribu kulipua daraja la Kyaka zikakosa, likaja kubomolewa kwa baruti Novemba 1978. Hilo limeandikwa. Aliyoyaona babu yako shambani hayajaandikwa popote.

Ndege utaikamilisha kwa wiki mbili. Wazee hatutakuwa nao siku zote.

Mwenye picha ya MiG ya wakati ule, au habari aliyosimuliwa nyumbani, aiweke kwenye maoni hapo chini. Matusi ya Waganda na Watanzania hapana.

Nawasilisha.