Sasisho Lisilokubali Kuingia: Uchunguzi wa Hitilafu Katika Mfumo wa Linux

Kompyuta inayotumia mfumo wa Linux huwa na desturi ya kumwuliza mwenyewe, kila baada ya siku chache, kama angependa programu zake zisasishwe. Mtumiaji hukubali, hutia neno lake la siri, na kazi huanza. Lakini hutokea mara nyingine kwamba kazi hiyo hukatika karibu na mwisho kwa tangazo la hitilafu. Mtumiaji hujaribu tena kesho yake. Hitilafu ni ile ile. Hujaribu mara ya tatu na ya nne, na hali haibadiliki. Wako wanaofikia hatua ya kufuta kila kitu na kuupakia mfumo upya, kazi ambayo katika maabara ya shule yenye kompyuta ishirini humla mwalimu siku nyingi, na ambayo aghalabu haikuhitajika hata kidogo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hitilafu ya namna hii huchunguzika kwa njia ile ile itumikayo katika maabara ya fizikia au kemia. Jaribio likirudiwa bila kubadilisha hali yoyote, matokeo hayabadiliki. Kwa hiyo sasisho linalogoma mara tano mahali pale pale limekwisha kumpa mchunguzi habari yenye thamani: chanzo chake si kitu cha kupita, kama vile mtandao kukatika kwa dakika mbili, bali ni kitu kilichomo ndani ya mashine na ambacho bado kimo. Tutachukua kisa kimoja kitokeacho sana katika kompyuta zenye Ubuntu au Debian, tukifuate hatua kwa hatua hadi kwenye chanzo, kisha tugusie vingine vichache.

Jambo lenyewe si dogo. Masasisho mengi hayaleti urembo mpya, bali huziba nyufa za usalama. Mwezi Oktoba 2016, kwa mfano, ilitangazwa kasoro katika kiini cha Linux iliyopewa jina la Dirty COW, ambayo ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujitwalia madaraka ya msimamizi wa mashine. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu 2007. Dawa yake ilitolewa upesi, lakini dawa yenyewe ilikuwa ni kiini kipya, na kompyuta isiyoweza kupokea kiini kipya ilibaki wazi. Msomaji na afikirie maabara ambamo wanafunzi arobaini hupokezana mashine ile ile aliyohifadhia mwalimu alama za mitihani yao.

Kifurushi na safari yake

Linux, kwa maana halisi, ni kiini tu: ile programu inayosimama kati ya vyuma vya kompyuta na programu nyingine zote. Ilianzishwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, mwaka 1991. Kiini peke yake hakimfai mtumiaji wa kawaida, na kwa sababu hiyo wako watu waliokusanya kiini hicho pamoja na maelfu ya programu nyingine wakafanya mfumo kamili. Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, umejengwa juu ya Debian, na jina lake limetoka katika lugha za Kinguni. Msemaji wa Kiswahili hatashindwa kuliona humo neno lake mwenyewe, utu.

Katika mifumo hii miwili kila programu husafiri ikiwa imefungwa katika kifurushi. Kazi ya kusasisha hugawanywa kati ya watumishi wawili. Wa kwanza, aitwaye apt, ni mfano wa karani wa ugavi: husoma orodha za ghala lililo katika mtandao, huangalia kifurushi kipi kinahitaji kipi, kisha huvileta. Wa pili, aitwaye dpkg, ni fundi: huvipokea vifurushi na kuviweka mahali pake. Kazi ya fundi huyu ina hatua mbili. Kwanza hukifungua kifurushi na kuyapanga mafaili yake katika diski. Pili hukitayarisha, yaani huendesha maagizo yaliyokuja pamoja nacho ili kianze kufanya kazi. Hali ya kila kifurushi huandikwa katika daftari lake, /var/lib/dpkg/status.

Hapo ndipo penye siri ya hitilafu inayorudi. Kifurushi kikifunguliwa salama lakini kikashindwa kutayarishwa, daftari huonyesha kwamba kimeishia njiani. Tangu siku hiyo, kila mara apt anapoitwa, hata kwa jambo jingine kabisa, atajaribu kwanza kuimaliza kazi iliyobaki. Mwanafunzi anaomba aletewe programu ya kuchora grafu, na mashine inamjibu kwa malalamiko juu ya kiini. Huona kwamba programu ya grafu ina kasoro, kumbe haina. Kifurushi kimoja kilichokwama kinaweza hivyo kufunika foleni nzima ya vingine.

Tangazo lisomwe kuanzia juu

Mtumiaji wengi huusoma mstari wa mwisho peke yake, kwa kuwa ndio uliobaki mbele ya macho. Mstari huo aghalabu husema tu kwamba dpkg amerudisha hitilafu namba 1, habari isiyomfaa mtu yeyote. Ni sawa na taarifa ya ajali isemayo kwamba basi halikufika. Sababu huandikwa mistari kumi au ishirini juu yake, pale ambapo jambo la kwanza liliharibika; yanayofuata chini ni matokeo yake. Ikiwa dirisha limekwisha kufungwa, si neno, kwani maneno yote huhifadhiwa katika faili hili:

/var/log/apt/term.log

Katika kisa chetu, tukipanda juu tutakuta maneno ya Kiingereza "No space left on device", maana yake nafasi imekwisha katika chombo cha kuhifadhia, na chini yake kidogo, "update-initramfs: failed". Mwanafunzi hushangaa, kwa sababu diski ya kompyuta yake ina gigabaiti 200 zilizo tupu.

Diski kubwa, chumba kidogo

Mshangao huo ni wa haki. Diski inaweza kugawanywa katika sehemu kadhaa, kama nyumba yenye vyumba, na sebule kuwa tupu hakuisaidii stoo iliyojaa. Sehemu moja, iitwayo /boot, huhifadhi viini na mafaili yanayohitajika mashine inapowashwa. Si kila kompyuta iliyotengewa sehemu hiyo peke yake, lakini hutengwa hasa pale ambapo diski imefungwa kwa maandishi ya siri, na mara nyingi hupewa megabaiti mia chache tu. Amri ya kuipima ni hii:

df -h /boot

Tuchukue mfano. Sehemu hiyo ina megabaiti 480 zinazoweza kutumika. Kila kiini huja na mambo matatu yenye uzito: kiini chenyewe, tuseme megabaiti 12, ramani yake, megabaiti 6, na faili liitwalo initrd, ambalo ni mfumo mdogo wa muda unaotumika kuiamsha mashine, megabaiti 80. Jumla ni 98. Sasisho la kiini haliondoi papo hapo kiini cha zamani. Hukiweka kipya kando yake, na kwa sababu nzuri, maana kipya kikikataa kuwaka, mtumiaji ataweza kurudi kwa kile cha jana. Lakini ikiwa vya zamani haviondolewi kwa wakati wake, baada ya viini vinne sehemu hiyo imejaa megabaiti 392, na zimebaki 88.

Sasa kinakuja kiini cha tano. Katika hatua ya kufungua, fundi huweka kiini na ramani, megabaiti 18, navyo vinaingia bila taabu. Zimebaki 70. Katika hatua ya kutayarisha, mashine inaanza kulitengeneza faili la initrd lenye megabaiti 80, na katikati ya kazi nafasi inakwisha. Faili lililokatika linafutwa, kama ipasavyo. Mwanafunzi anapokuja kupima anakuta megabaiti 70 ziko wazi, naye anaamua kwamba nafasi si tatizo! Ushahidi umejifuta wenyewe. Ni mtu anayekumbuka kuuliza kazi hiyo ilihitaji kiasi gani, wala si kiasi gani kimebaki tu, atakayeitambua hila hii.

Yafaa kuongeza kwamba hata kiini kilichokwisha kuwekwa zamani kinaweza kuleta shida hiyo hiyo. Initrd yake inapotengenezwa upya, toleo jipya huandikwa kwanza kando ya lile la zamani, na baadaye tu ndipo linaposhika mahali pake. Kwa hiyo nafasi ya akiba huhitajika daima.

Matibabu

Amri ifuatayo ndiyo ya kujaribiwa kwanza, maana huondoa viini vya zamani visivyohitajika na kukiacha kile kinachofanya kazi sasa:

sudo apt autoremove --purge

Pengine inatosha. Lakini mara nyingi nayo hukwama, kwa kuwa, kama tulivyoeleza, apt hutaka kwanza kumaliza kazi iliyobaki. Kazi hiyo haiwezi kumalizika mpaka nafasi ipatikane. Na nafasi haipatikani mpaka apt amalize. Ni duara lisilo na mlango, na hapana budi mtu alikate kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya kugusa chochote, na aulize ni kiini kipi kinachoendesha mashine wakati huo:

uname -r

Tuseme jibu ni 5.15.0-97-generic, na cha zamani kuliko vyote vilivyomo ni 5.15.0-91-generic. Initrd ya hicho cha zamani, wala si ya kinachotumika, huhamishiwa katika sehemu nyingine yenye nafasi:

sudo mv /boot/initrd.img-5.15.0-91-generic /var/tmp/

Sasa ziko wazi megabaiti 150. Fundi anaamriwa amalize alichokiacha, kisha viini vya zamani vinaondolewa kwa utaratibu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt autoremove --purge

Tumesema kuhamisha, hatukusema kufuta. Faili lililohamishwa huweza kurudishwa ikiwa mtu amekosea namba, na kosa la tarakimu moja katika sehemu ya /boot laweza kuiacha mashine isiweze kuwaka kabisa. Kadhalika haifai kuvifuta viini vyote vya zamani kwa mkono, kwa sababu daftari la dpkg litaendelea kuamini kwamba vimo, na siku nyingine litatuma kazi ifanywe juu ya vitu visivyokuwapo. Kazi ikiisha, amri ya dpkg --audit isipotoa neno lolote, hakuna kifurushi kilichoachwa njiani. Hapo mashine izimwe na kuwashwa, na uname -r iulizwe tena. Jibu likiwa ni namba ya kiini kipya, faili lililoko /var/tmp halina kazi tena.

Visa vingine

Ikiwa maneno ya kuisha kwa nafasi yanatokea na df -h inaonyesha gigabaiti tele katika kila sehemu, ijaribiwe df -i. Mfumo wa mafaili wa aina ya ext4 huamua idadi ya mafaili yanayoweza kuwamo tangu siku sehemu hiyo inapotengenezwa. Vifurushi vinavyoitwa linux-headers vina maelfu kwa maelfu ya mafaili madogo, na vikirundikana katika sehemu ndogo, namba za kuyasajili mafaili zinaweza kwisha kabla ya nafasi yenyewe.

Tangazo kwamba kufuli la dpkg limeshikwa na kazi nyingine si ugonjwa. Ubuntu huwa na mtumishi anayesasisha mambo kimyakimya mara mashine inapowashwa, asubiriwe amalize. Ushauri unaosikika sana, wa kulifuta faili la kufuli, ni ushauri mbaya: huwaruhusu mafundi wawili kuandika katika daftari moja kwa wakati mmoja.

Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, kwa kawaida dpkg --configure -a pekee hutosha.

Kisa cha mwisho huzikumba hasa kompyuta za umri mkubwa, nazo ni nyingi mashuleni. Orodha za ghala hutiwa sahihi ya siri na kuandikwa tarehe ya kutolewa. Apt huikagua tarehe hiyo kwa kuilinganisha na saa ya mashine, ili mtu mwovu asije akaichezea. Ubao mkuu wa kompyuta una betri ndogo ya mviringo, mara nyingi ya aina ya CR2032, inayoendesha saa wakati umeme umezimwa. Betri hiyo ikifa, mashine huamka ikidhani iko miaka kadhaa nyuma. Orodha iliyotolewa leo huonekana kwake kuwa ni ya siku zijazo, naye apt huikataa kwa maneno "is not valid yet", yaani bado haijaanza kutumika. Hapo mtu aweza kutafuta kosa katika mtandao, katika ghala na katika diski asilione popote. Amri ya date, yenye herufi nne, ingemwonyesha mwaka ambao mashine inaamini kuwa umo. Saa ikirekebishwa sasisho huingia mara moja; na mashine ikizimwa jioni bila ya betri kubadilishwa, kesho asubuhi itakataa tena.