Printa inapochapa mambo yasiyosomeka

Printa ndogo ya risiti imefungwa dukani, waya umechomekwa barabara na umeme upo. Mwenye duka anaagiza risiti ya kwanza. Karatasi inatoka imejaa vistari, alama za maswali na herufi zisizounda neno lolote. Fundi anaitwa, anatikisa kichwa, anasema printa imekufa. Mara nyingi printa hiyo haina ubovu wowote. Kilichokosekana ni makubaliano ya mwendo baina yake na kompyuta.

Kompyuta huhifadhi kila herufi kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na kila tarakimu huitwa biti. Herufi A kubwa, kwa mfano, ni 01000001. Biti hizo nane zaweza kutumwa kwa pamoja katika nyaya nane, au moja baada ya nyingine katika waya mmoja, kama watu wapitao mlango mwembamba. Njia hii ya pili ndiyo mawasiliano ya mfululizo.

Kanuni yake mashuhuri, RS-232, ilitolewa nchini Marekani mwaka 1960. Waya ukiwa kimya hubaki katika hali ya moja. Kompyuta ikitaka kusema, hutanguliza sifuri, ambayo ni kama kubisha hodi. Hufuatisha biti nane za herufi, kisha hufunga kwa moja. Jumla ni biti kumi kwa kila herufi.

Ajabu ni kwamba hakuna waya wa kupeleka majira ya saa. Printa ikisikia hodi huanza kuhesabu kwa saa yake yenyewe, ikiuchungulia waya katikati ya kila biti. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, hupita herufi 960 kila sekunde. Sasa, kompyuta ikituma kwa 9,600 ilhali printa inasikiliza kwa 19,200, printa itachungulia kila biti mara mbili na kuidhania kuwa biti mbili. Hapo ndipo vioja huzaliwa. Tofauti ndogo ya saa, tuseme asilimia mbili, haidhuru, kwa kuwa kila hodi huanzisha hesabu upya. Ikifika asilimia tano hivi, biti za mwisho huanza kusomwa visivyo.

Waya nao una lawama zake, lakini dalili zake ni nyingine. Kinywa cha kifaa kimoja sharti kiunganishwe na sikio la kingine. Vinywa viwili vikiunganishwa pamoja, hakuna kitakachosikika. Kwa hiyo printa iliyo kimya kabisa yakupasa uishuku waya kwanza. Inayopayuka, ishuku mwendo.

USB, iliyoanza mwaka 1996, nayo ni ya mfululizo, ila vifaa vyake hupatana mwendo vyenyewe mara vinapounganishwa. Hata hivyo, anayetumia waya wa kugeuza USB kuwa tundu la zamani la pini tisa bado hana budi kuchagua mwendo kwa mkono.

Printa nyingi za risiti hujieleza zenyewe. Izime, shikilia kitufe cha kuvuta karatasi, kisha iwashe kabla hujakiachia. Itachapa karatasi yenye mipangilio yake, mwendo ukiwamo. Namba hiyo ndiyo ya kuandika katika programu ya kompyuta, kabla ya kumlipa fundi au kununua printa nyingine.