Seli Beta: Jina Moja, Tabia Nyingi

Ndani ya kongosho la binadamu mna vikundi vya seli vipatavyo milioni moja viitwavyo visiwa vya Langerhans. Paul Langerhans alivieleza mjini Berlin mwaka wa 1869, katika tasnifu yake ya udaktari, pasipo kujua kazi yake. Humo ndimo zilimo seli beta, zinazotengeneza insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika misuli na mafuta ya mwili.

Kwa muda mrefu seli hizi zilidhaniwa kuwa kama askari wa gwaride moja: sukari ikipanda, zote huitika kwa pamoja. Uchunguzi umeonyesha vinginevyo. Zikitenganishwa na kuongezewa glukosi kidogo kidogo, baadhi huamka mapema ilhali nyingine husubiri hadi kiwango kiwe cha juu. Tofauti hii si kasoro. Ndiyo inayouwezesha mwili kutoa insulini kwa kadiri ya mlo. Mwaka wa 2016, watafiti wa Oregon, Marekani, walitumia alama mbili zilizo juu ya utando wa seli na kuzigawa seli beta za binadamu katika makundi manne: zenye alama ya kwanza pekee, ya pili pekee, zote mbili, na zisizo na yoyote. (Istilahi yetu, kama ya lugha nyingine, ingali moja tu kwa umati huu mzima.) Makundi hayo hayakutoa insulini kwa kiasi sawa, na kwa wenye kisukari cha aina ya pili uwiano wake ulikuwa umevurugika.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huziangamiza seli beta, ingawa mara nyingi husalia chache hata baada ya miaka 50. Aina ya pili ni kitendawili kingine. Mwaka wa 2012, Domenico Accili na wenzake walionyesha kuwa seli nyingi za panya wenye kisukari hazikufa. Zilipoteza utambulisho wake, zikaacha kutengeneza insulini na kurudia hali ya uchanga. Seli iliyokufa haifufuki, lakini iliyojisahau huenda ikarejeshwa kazini. Matumaini hayo si ya maabara pekee. Katika jaribio la DiRECT nchini Uingereza, lililotoa matokeo mwaka wa 2017, asilimia 46 ya wagonjwa waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito hawakuwa tena na kisukari baada ya mwaka mmoja, bila dawa. Wote walikuwa wameugua kwa muda usiozidi miaka sita. Waliokuwa wakitumia insulini hawakushirikishwa.