Chai, Sikio na Wingu

Chukua glasi ya chai yenye majani yanayoelea, uizungushe mezani taratibu. Mwanzoni glasi inazunguka, majani yamebaki palepale. Endelea kidogo na chai nayo itafuata, mpaka viende pamoja. Sasa isimamishe glasi ghafla: chai bado inazunguka. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji ya tabia hiyohiyo, na ubongo huyategemea kujua kama umegeuka au umetulia.

Ardhini, majimaji hayo yakidanganya, macho huyakosoa. Rubani aliyeingia wingu hana wa kumkosoa. Ndege ikianza kulalia upande polepole, sikio halishtuki. Kona ikiendelea kwa sekunde ishirini hivi, majimaji yameshaizoea, na mwili unaapa kwamba ndege imenyooka. Akiinyoosha kweli, anahisi inalalia upande wa pili, basi anairudisha kulekule.

Ndege iliyolala huinamisha pua na kuongeza kasi. Rubani anaona kimo kinapungua, anavuta usukani. Kosa! Ukiuvuta ndege ikiwa imelala, haipandi. Inakaza kona na kuzidi kuteremka. Nyoosha mabawa kwanza, ndipo uvute. Sentensi hiyo mwanafunzi wangu yeyote anaikariri kwa siku moja. Kuitii wakati mwili mzima unabisha huchukua miezi.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu watu 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma mishale ya ndege badala ya kutazama nje, wakizuiwa kuona nje. Wote walipoteza udhibiti, baada ya wastani wa sekunde 178. Marubani hupenda kutishana kwa namba hiyo, wakisahau nusu ya pili ya habari: watu haohao walifundishwa mbinu fupi ya kugeuza ndege na kurudi walikotoka, wakaimudu. Kwangu mimi nusu hiyo ndiyo yenye uzito.

Wala si lazima wingu liwepo. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, alikuwa akielekea kisiwa cha Martha's Vineyard na ndege yake ndogo, akiwa na mkewe na shemeji yake. Kulikuwa na ukungu mwepesi tu juu ya bahari, maji na anga havitofautiani. Alikuwa ameanza kozi ya vyombo, hajaimaliza. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipotewa na hisia ya mwelekeo, akashindwa kuidhibiti ndege. Wote watatu walikufa.

"Mimi naruka mchana tu, kukiwa kweupe," huniambia wenye ndege zao. Sawa, lakini mawingu ya Julai juu ya vilima vya Ngong, hapa Kenya, hayasomi ratiba ya mtu. Gharama ya kujifunza vyombo siikatai: Marekani kozi hudai saa 40 za vyombo, na ujuzi wenyewe hushika kutu usipotumiwa. Cheti cha vyombo mfukoni bila mazoezi nakiogopa kuliko kutokuwa nacho kabisa.

Siku ya kwanza ya mafunzo humvika mwanafunzi kofia yenye ukingo unaomfunika asione nje, namwambia afumbe macho na kuiweka ndege sawa kwa hisia zake.

"Tumenyooka, Mwalimu."

"Hakika?"

"Hakika kabisa."

Namvua kofia. Bawa la kushoto linaichungulia nyasi ya nyanda za Athi, mshale wa kimo unashuka, naye ameshaanza kuvuta usukani.